Mchora Chapa au Mpiga Chapa? Juu ya Jina Lifaalo kwa Msanii wa Chapa

Miongoni mwa maneno yanayomsumbua mtafsiri wa maandishi ya sanaa, limo moja ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana jepesi. Ni jina la msanii ambaye haichori picha yake moja kwa moja juu ya karatasi itakayotazamwa, bali huitengeneza kwanza juu ya kitu kingine, kama vile ubao, bamba la shaba, jiwe au kitambaa kilichowambwa, kisha kwa wino akaihamishia kwenye karatasi, mara moja au mara nyingi. Katika Kiswahili msanii huyu huitwa kwa majina matano au sita: mpiga chapa, mchapaji, mchapishaji, mchongaji, mtia nakshi, mchora chapa. Karibu kila moja kati ya majina hayo humpeleka msomaji kwa mtu mwingine asiyekusudiwa. Katika makala hii tunakusudia kuyapima moja baada ya jingine, na mwishowe kupendekeza lile tunaloliona linafaa kwa matumizi ya shule, ofisi na maandishi rasmi.

Uzito wa jina

Yamkini msomaji akauliza kama jambo hili lina manufaa yoyote nje ya vyumba vya wasanii. Lina manufaa, na mfano ulio karibu ni wa forodha. Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ulioanza kutumika mwaka 2005, umejengwa juu ya mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa. Katika mfumo huo, vitabu, magazeti, kalenda na picha zilizopigwa chapa viwandani zimewekwa katika Sura ya 49. Kazi za sanaa zimewekwa katika Sura ya 97, na humo, chini ya namba 97.02, zimo chapa za asili za wasanii. Maelezo ya sura hiyo yanataka chapa hizo ziwe zimetolewa moja kwa moja kutokana na bamba moja au zaidi, na bamba hilo liwe limetengenezwa lote kwa mkono na msanii mwenyewe, kwa njia yoyote na juu ya kitu chochote, ila si kwa mitambo wala kwa njia ya kupiga picha.

Sasa tuseme msanii anatuma kifurushi chenye kazi zake kumi. Katika hati aliyotafsiriwa imeandikwa kwamba yeye ni mpiga chapa, na kwamba kifurushi kina nakala kumi zilizopigwa chapa. Afisa anayeisoma hati hiyo hana kosa akidhani kwamba mbele yake kuna kalenda au matangazo ya ukutani. Maneno aliyopewa ndiyo yaliyomwongoza huko. Hali kadhalika mwalimu wa sanaa anayewaambia wanafunzi kwamba mtu fulani mashuhuri alikuwa mchapaji, atakuwa amewafundisha kwamba mtu huyo alifanya kazi ya taipureta.

Asili ya neno chapa

Neno chapa limetujia kutoka Bara Hindi. Katika Kihindi na Kigujarati shina lake lina maana ya muhuri, au alama iliyoachwa na kitu kilichogandamizwa. Wafanyabiashara wa Gujarat na Kutch walifika na kukaa katika pwani yetu kwa karne nyingi, na huko kwao kuna mafundi wanaotia maua kwenye nguo kwa vibao vya mti vilivyochongwa, vikachovywa katika rangi na kugandamizwa kwenye kitambaa. Kwa hiyo tangu mwanzo neno hili limebeba mambo mawili: kitu chenye alama, na alama yenyewe inayobaki baada ya kugandamiza. Mpaka leo twasema chapa ya ng'ombe kwa alama ya moto iliyo katika ngozi, na twasema chapa ya biashara kwa alama inayotambulisha bidhaa.

Mitambo ya kuchapia vitabu ilipofika Unguja katika nusu ya pili ya karne ya 19, lugha ilikuwa tayari na neno la kulipokea jambo hilo jipya. Wamisionari wa Kiingereza waliokuwa pamoja na Edward Steere waliweka mtambo wao huko katika miaka ya 1860, na baadaye Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, akaleta matbaa ya herufi za Kiarabu. Kazi hiyo ikaitwa kupiga chapa, na afanyaye akaitwa mpiga chapa. Jina hilo likashika mizizi hata likawa cheo serikalini: kila anayesoma sheria za Tanzania amepata kuliona jina la Mpigachapa Mkuu wa Serikali.

Majina yanayopungukiwa

Hapo ndipo penye tatizo la kwanza. Maadamu mpiga chapa ni mtu wa mtambo, anayepewa maandishi ya wengine ayazidishe, hatuwezi kumwita msanii kwa jina hilo bila ya kumvisha kazi ya mwingine. Si kwamba kazi ya mpiga chapa ni duni. La hasha. Lakini yeye haulizwi picha imetoka wapi, ilhali msanii huulizwa hilo kabla ya jingine lolote.

Mchapaji halifai kwa sababu iyo hiyo, na zaidi ya hayo limezoeleka maofisini kwa maana ya mwenye kuandika kwa mashine. Tena kitenzi chapa kina maana ya kupiga kwa fimbo, na mchapa kazi ni mtu mwenye bidii. Jina lenye njia nyingi namna hii halisaidii mahali panapotakiwa maana moja.

Mchapishaji liko mbali zaidi. Kiambishi cha kusababisha kilichomo kinaonyesha wazi kwamba huyu ni mtu anayefanya kitu kichapwe: anayegharimia, anayesimamia na anayeuza. Mara nyingi hagusi wino kabisa.

Mchongaji lina nguvu zaidi, kwani ni kweli kwamba wengi wa wasanii hawa hukata ubao kwa patasi na visu. Hata hivyo, kwa msomaji wa Kiswahili mchongaji ni mtu wa vinyago, na hasa nchini Tanzania jina hilo humleta mbele ya macho Mmakonde na gogo lake la mpingo. Isitoshe, kuchonga ni kulipa umbo gogo zima, kama mtumbwi, mwiko au hata penseli ya mtoto wa shule. Tena, kama tutakavyoona, ziko chapa ambazo katika kuzitengeneza hakuna kitu chochote kinachochongwa.

Mtia nakshi, ambalo shina lake ni la Kiarabu, lina heshima yake katika pwani. Lakini nakshi ni pambo, na pambo hukaa pale pale lilipotiwa. Mlango wenye nakshi ni kazi iliyokamilika, hakuna anayeupaka wino ili atoe picha yake. Ubao wa msanii wetu ni njia tu ya kufikia karatasi.

Kazi yenyewe

Ili tupate jina lisilopungukiwa, hatuna budi kuitazama kazi yenyewe. Njia zake ni nyingi, lakini zote zaweza kuingizwa katika makundi manne.

Kundi la kwanza ni la mwinuko. Msanii huondoa sehemu za ubao asizozitaka zionekane, na zile zilizobaki juu ndizo zinazopokea wino. Badala ya ubao wengi hutumia lino, yaani ile linoliamu ya kutandika sakafuni, ambayo hutengenezwa kwa mafuta ya kitani pamoja na unga wa kizibo au wa mbao. Ni laini kuikata, na bei yake si kubwa. Katika kituo cha sanaa cha Rorke's Drift, Afrika Kusini, kilichoanzishwa katika miaka ya 1960, lino ndiyo iliyowapatia sifa Azaria Mbatha na John Muafangejo wa Namibia. Muafangejo, aliyefariki mwaka 1987, alipenda kutia maneno ndani ya picha zake. Anayefanya hivyo juu ya lino hulazimika kuandika kila herufi kinyumenyume, kama ionekanavyo katika kioo, ili isomeke sawasawa kwenye karatasi.

Kundi la pili ni la mfuo. Hapa mambo hugeuka: wino hukaa ndani ya mistari iliyochimbwa, na uso wa bamba hufutwa ukawa safi. Mistari hiyo yaweza kuchimbwa kwa chuma chenye ncha kali, au yaweza kuliwa na tindikali. Kwa njia hii ya pili bamba hupakwa nta, msanii akachora juu ya nta kwa sindano, kisha bamba likatiwa katika tindikali, ambayo hula shaba pale tu nta ilipoondolewa. Karatasi yenye unyevu hugandamizwa juu ya bamba kwa nguvu nyingi hata ikaunyonya wino uliomo katika mifuo. Rembrandt wa Uholanzi alitengeneza chapa karibu 300 kwa njia hiyo, na Goya wa Hispania mwaka 1799 alitoa mkusanyo wake wa chapa 80 uitwao Los Caprichos. Dar es Salaam nako, wasanii wa Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa mwaka 1972, walitengeneza chapa kwa mabamba.

Kundi la tatu ni la jiwe, lililogunduliwa na Alois Senefelder huko Ujerumani mwishoni mwa karne ya 18. Hapa hakuna kinachokatwa wala kuchimbwa. Msanii huchora juu ya jiwe bapa kwa chaki au wino wenye mafuta, kisha jiwe hulowanishwa. Maadamu mafuta na maji havipatani, wino hushika pale palipochorwa, na hukataa mahali penye maji.

Kundi la nne ni la chujio. Kitambaa chepesi, zamani cha hariri, huwambwa kwenye fremu, sehemu zisizotakiwa zikazibwa, na wino ukasukumwa upite katika zile zilizo wazi. Kwa njia hii picha haigeuki kinyumenyume.

Msomaji ataona kwamba katika makundi yote manne yako matendo mawili. La kwanza ni kuiweka picha juu ya kitu kitakachoitoa. La pili ni kuitoa kwenye karatasi. Jina lifaalo halina budi kuonyesha ni lipi kati ya hayo mawili linalomfanya mtu kuwa msanii.

Somo kutoka Japani

Swali hilo liliwahi kuulizwa kwa dhati nchini Japani. Huko, kwa muda mrefu, kazi iligawanywa. Hokusai, aliyeishi kati ya mwaka 1760 na 1849 na ambaye picha yake ya wimbi kubwa imesambaa ulimwenguni kote, alichora juu ya karatasi. Fundi mwingine alikata mbao kwa kufuata mchoro ule, fundi wa tatu akazitia rangi na kuzipiga chapa, na mchapishaji akagharimia na kuuza. Mwaka 1904 Yamamoto Kanae alitoa chapa ya mvuvi ambayo aliichora, akaikata na kuipiga kwa mikono yake mwenyewe. Kutokana na mfano huo kulizuka kundi la wasanii walioshikilia kwamba chapa ni kazi ya mtu mmoja tangu mwanzo hadi mwisho.

Mmoja wa waliofuata njia hiyo alikuwa Munakata Shiko, aliyepata tuzo kuu ya chapa katika maonyesho ya Venice mwaka 1956. Yeye hakuridhika na neno la kawaida la lugha yake, ambalo maana yake ni picha ya bamba la kuchapia. Mwaka 1942 aliacha kulitumia kwa kazi zake, akaandika mahali pake neno linalokaribiana nalo sana, ila herufi yake ya kwanza ni ile inayomaanisha ubao. Alitaka ifahamike kwamba picha inatoka katika ubao wenyewe na kwamba msanii humtii mti anaoukata. Sisi tunaoshughulika na istilahi tuna haki ya kufurahishwa na habari hiyo. Msanii mkubwa aliona kwamba silabi moja ina thamani ya kupiganiwa.

Kwa nini mchora chapa

Sisi tunapendekeza jina mchora chapa, na hoja zetu ni tatu.

Ya kwanza ni ya maana. Siku hizi wengi hudhani kwamba kuchora ni kupitisha kalamu au brashi tu. Lakini kamusi za zamani, ikiwamo ile ya Johnson ya mwaka 1939, zinalitaja neno chora kwa maana ya kukata mistari na kutia nakshi, pamoja na maana ya kutengeneza picha kwa kalamu. Fundi wa Lamu au Unguja aliyetia maua na mikufu kwenye mwimo wa mlango aliambiwa amechora. Kwa hiyo kitenzi hiki kimoja kinamchukua mwenye patasi, mwenye sindano, mwenye tindikali na mwenye chaki ya mafuta. Hakuna kitenzi kingine katika orodha yetu kinachoyachukua makundi yote manne bila ya kulazimishwa.

Ya pili ni ya sarufi. Kiswahili kina desturi ya kuunda majina ya watenda kazi kwa kuondoa kiishio -ji pale kitenzi kinapofuatwa na kitu kinachotendwa. Mchoraji peke yake ana -ji, lakini twasema mchora ramani na mchora katuni, kama tusemavyo mpiga ngoma na mfua chuma. Mchora chapa lafuata njia hiyo hiyo. Wingi wake ni wachora chapa, na kazi yao ni uchoraji wa chapa.

Ya tatu ni ya kisheria. Tuliona kwamba maelezo ya forodha yanauliza ni mkono wa nani uliotengeneza bamba, si mkono wa nani uliolivuta karatasi. Katika karakana nyingi msanii husaidiwa na fundi stadi katika kupiga, na kazi haipotezi haki yake ya kuitwa ya asili kwa sababu hiyo. Jina linalosimama juu ya kuchora linakubaliana na sheria, ilhali jina linalosimama juu ya kupiga linaikwepa.

Hatufichi kwamba jina hili lina dosari. Kwa kuwa chapa sasa hutumika sana kwa alama za biashara, mtu aweza kumdhania mchora chapa kuwa ndiye anayebuni alama za viwanda. Kwa maoni yetu hatari hiyo ni ndogo, na dawa yake ni rahisi: pale ambapo maneno yaliyotangulia hayaonyeshi kwamba mazungumzo ni ya sanaa, mara ya kwanza na iandikwe msanii mchora chapa, kisha mchora chapa peke yake. Ama kuhusu watu kama Hokusai, katika maelezo ya jumla twaweza kumwita mchora chapa, kwani ni yeye aliyechora. Lakini katika orodha za maonyesho ni haki kutaja kila mmoja kwa kazi yake: mchoraji, mkata ubao, mpiga chapa na mchapishaji. Hapo mpiga chapa amepata mahali pake halisi, wala hakuna aliyemnyang'anya mwenzake jina.

Chapa si nakala

Limebaki neno moja linaloharibu tafsiri nyingi, nalo ni nakala. Nakala hudai kuwapo kwa asili mahali pengine: hati ina nakala zake, na barua ina nakala yake katika jalada. Chapa ya msanii haina asili nyingine iliyofichwa. Ubao si picha, bali ni chombo cha kuitoa picha, na kila karatasi inayotoka humo ni kazi kamili. Ndiyo sababu mchora chapa huandika chini ya kila moja jina lake na namba mbili, kwa mfano 7/40, maana yake chapa ya 7 kati ya 40. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1950, unaohusu uingizaji wa vifaa vya elimu, sayansi na utamaduni, nao unataja chapa zilizopigwa kwa mkono, zenye sahihi na namba ya msanii. Neno nakala na liachwe kwa picha iliyopigwa kutokana na mchoro wa rangi uliomo katika jumba la makumbusho. Hiyo kweli ni nakala.

Istilahi zinazopendekezwa

Mchora chapa (wachora chapa): msanii anayetengeneza picha juu ya kichapio kwa mkono wake ili itolewe kwenye karatasi.

Chapa: karatasi moja iliyotolewa kutokana na kichapio. Penye utata, chapa ya sanaa.

Kichapio (vichapio): ubao, bamba, jiwe, lino au chujio linalobeba picha. Neno hili limeundwa kwa mfano wa kifutio na kipimio.

Toleo: jumla ya chapa zote zilizotolewa na msanii kutokana na kichapio kimoja na kutiwa namba.

Chapa ya jaribio: inayotolewa kabla ya toleo ili msanii aone kazi imefikia wapi.

Chapa ya mwinuko, chapa ya mfuo, chapa ya jiwe, chapa ya chujio: makundi manne yaliyoelezwa hapo juu.

Mpiga chapa: fundi anayetoa chapa kwa wino na mtambo, awe katika karakana ya sanaa au katika kiwanda.

Tunawaomba watafsiri wayajaribu maneno haya katika kazi zao, walimu wayapime darasani, na maofisa wayatazame katika fomu na hati zao. Pale yatakapokwama tungependa kujua yamekwama wapi na kwa sababu gani, kwani neno lililoundwa mezani hupata haki yake ya kuishi linapotumiwa na watu kwa kazi zao za kila siku.